Mahame kwa Kireno

Mkwajuni, Palma, Msumbiji
9 Februari 2014

Mdogo wangu Rizuane,

Salamu ulizipata juzi kwenye simu kabla hatujaanza kugombana, kwa hiyo sizirudii. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yetu mimi na wewe ni ya kukatizana tu. Mimi nasema, wewe unasema, salio linakwisha, na kila mtu anabaki na maneno yake mdomoni. Barua haikatizwi. Binamu yetu Kurwa anavuka Ruvuma kila mara na mizigo yake; ataipiga picha hii akifika Mtwara na kukutumia huko Kairo, na majibu yako atayachapisha aniletee. Nimemwambia asisome. Najua atasoma.

Sasa sikiliza. Wale watu wa kampuni ya gesi inayotaka kujenga pwani yetu walipokuja kuandika mali za kila mtu, mimi ndiye niliyewapeleka pwani kwa bibi. Walikuwa na mkalimani, kijana wa mjini, viatu vyeupe, Kiswahili cha redioni. Akaniuliza, "Mama, hapa ni mahali gani?" Nikamjibu kwa kujivuna kabisa, "Hapa ni mahame yetu." Akatikisa kichwa, akaandika, wakaenda zao.

Jana mwalimu Natália, anayefundisha watoto Kireno hapa kijijini, alinisomea walichoandika. Abandonado. Nikamwuliza maana yake. Akasema, mahali palipotupwa, hapana mwenyewe. Rizuane, minazi ya bibi haina mwenyewe! Makaburi hayana mwenyewe, Mama yetu aliyelala pale hana mwenyewe!

Na mambo yalivyo ni hivi: pakiwa na mwenyewe, mwenyewe anaulizwa, na kaburi haliguswi mpaka ndugu wakubali. Pakiwa abandonado, linakuja tingatinga. Kikao cha mwisho, wanachokiita consulta, kitakuwa baada ya Idi ya Ramadhani. Mwalimu Natália angetuandikia, lakini ni mtumishi wa serikali na anaogopa jina lake kuonekana, tena wanataka maneno ya mtu wa ukoo. Mwenye Kireno katika ukoo huu ni wewe. Andika barua moja ya kuwaeleza kwamba mahame si jalala.

Dada yako,
Ancha


Kairo
2 Machi 2014

Dada Ancha, shikamoo,

Nimeipata barua yako, na Kurwa ameongeza chini yake maneno ya kwake: "Jibu haraka, amekasirika kweli."

Samahani kwa kuchelewa. Mitihani ilikuwa imenibana, na ilipokwisha wenzangu walinichukua kwenda Rashidi. Dada, ungeuona mji ule! Ni mji mkongwe kwenye ukingo wa mto Nili, karibu na pale mto unapoingia Bahari ya Kati. Nyumba zake ni ghorofa za matofali mekundu na meusi yaliyopangwa kwa zamu, na madirisha yake yana mbao zilizofumwa kama jamvi, mtu wa ndani anaona nje na wa nje haoni kitu. Pana msikiti wenye nguzo nyingi hata nikapotea kuzihesabu. Wavuvi wanavuta nyavu mtoni na nyuma yao kuna nyumba za miaka mia tatu, na hakuna anayeshangaa.

Kwenye ngome yao ndiko lilikookotwa lile jiwe mashuhuri. Limechongwa maneno yaleyale kwa maandishi ya namna tatu, na kwa sababu hiyo wataalamu waliweza kuyasoma maandishi ya kale ya Misri ambayo hakuna aliyekuwa akiyajua. Jiwe lenyewe liko Uingereza siku hizi. Nilisimama pale ngomeni nikawaza sana.

Kuhusu lile neno. Nimefungua kamusi, na inasema mahame ni mahali palipohamwa. Kwa hiyo, dada, yule mkalimani hakukosea hasa. Sisi wenyewe tulipahama, si kweli? Tusimlaumu kijana wa watu. Barua nitaiandika, nipe nafasi kidogo, nataka niipange vizuri.

Mdogo wako,
Rizuane


Mkwajuni
30 Machi 2014

Rizuane,

Nimekusomesha mimi. Baba alipofariki niliuza vitenge na uduvi mpaka ukafika Pemba, mji mkuu wa mkoa, na kutoka Pemba ukafika huko uliko, ili siku moja uje unifungulie kamusi!

Hiyo kamusi ina ndugu yeyote aliyezikwa pale? Haya, nikukumbushe, maana naona Nili imekuosha kichwa. Baada ya uhuru serikali ilisema watu wote wakae pamoja kwenye aldeia, vijiji vipya kando ya barabara. Bibi akafunga virago akaja huku Mkwajuni kama wenzake. Lakini nazi tumeendelea kuangua kule. Maji ya kisima cha kule ndiyo tunayowaoshea wafu wetu. Anayekufa hapa tunambeba mpaka kule, na mwezi wa Shaabani tunafagia makaburi na kusoma hitima. Mtu akisema "mahame ya kina Ancha" kila mtu anajua pa nani, na hathubutu kukata hata kuti bila kuja kuniomba. Hayo ndiyo mahame. Kuhama ni miguu tu iliyohama.

Unaniambia habari za jiwe. Jiwe lilisema jambo moja kwa maandishi matatu, likaeleweka. Mimi nimesema neno moja kwa mtu mmoja, anayejiita mkalimani, nalo likafia palepale mkononi mwake.

Nilikwenda ofisini wiki iliyopita. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mwishowe bwana mmoja akaniambia, "Mama, lete documento." Nikamwambia documento imelala chini ya mchanga, twende nikuonyeshe. Akacheka. Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka pia, nami nikarudi kwa miguu nikiwa nimevimba kwa hasira.

Andika barua. Sitaki ipangwe vizuri, nataka ifike.

Ancha


Kairo
4 Mei 2014

Dada yangu mpenzi, shikamoo,

Usinikasirikie. Neno lako la miguu nimelisoma mara mbili mbili.

Nimerudi Rashidi tena, hii ni mara ya tatu. Safari hii nimeingia ndani ya nyumba mojawapo na kupanda mpaka juu. Chini kuna ghala la nafaka, katikati wanakaa wanaume na wageni wao, na juu ni kwa wanawake. Nimejuana na mtu mmoja, Mzee Shazli, fundi seremala anayetengeneza upya madirisha ya nyumba hizo kongwe. Hutumia vipande vidogo vidogo vya mbao, havina msumari hata mmoja. Ananikaribisha kwake kila nikienda. Ni mtu anayejua mji wake jiwe kwa jiwe, na anaweza kukaa saa nzima akieleza tofali moja.

Nina ombi. Mwambie Kurwa aende pwani na simu yake apige picha za pale: minazi, kisima, ule ukuta wa mawe wa msikiti wa zamani, na makaburi ya wazee. Azipige jua likiwa zuri. Mzee Shazli anapenda sana kuona mambo ya kale ya nchi nyingine.

Barua iko njiani, nimeshaanza kuipanga kichwani.

Rizuane


Mahame
25 Mei 2014

Rizuane,

Tazama nilipoandikia, hapo juu. Siko Mkwajuni. Nimechukua jamvi, sufuria mbili na kinu, nimekuja kujenga kibanda kwenye minazi ya bibi. Kama shida yao ni kwamba hapana mtu, basi mtu huyu hapa. Wakirudi watakuta moshi, na kuku, na mwanamke mwenye mdomo.

Usiku mbu wananila, na kisima nimekisafisha tope kwa jasho kweli. Majirani wa Mkwajuni wanasema Ancha amerukwa na akili. Waache waseme.

Sasa nije kwako. Nguzo za msikiti hazitazamwi mara tatu, mdogo wangu. Mtu hutazama nguzo mara moja, akasema mashaallah, akarudi kwake. Huyo Mzee Shazli ana binti. Anaitwa nani?

Na picha unazitaka ili umwonyeshe nani? Yaani mimi nakuomba kwa miezi uwaambie watu wa Palma kwamba pale ni petu, wewe unanifungulia kamusi. Lakini kwa mkweo pale ni petu, tena pana kisima, pana msikiti, na jua liwe zuri! Huko una mahame, huku huna. Nimecheka peke yangu kibandani mpaka kuku wakashtuka, kisha nikalia.

Picha Kurwa amezipiga, ametuma pamoja na barua hii. Utamwona na Mama, ni lile kaburi la mwisho upande wa bahari, lenye sahani ya maua iliyopachikwa kichwani.

Ancha


Kairo
20 Juni 2014

Dada Ancha,

Anaitwa Abir. Wewe huwezi kufichwa kitu, hata ng'ambo ya bahari.

Nilitaka kukuambia mambo yakiwa yameiva. Sikukuambia kwa sababu hayakuiva, na yasipoiva aibu ni yangu. Niliposema nia yangu, Mzee Shazli hakuniuliza nina nini. Aliniuliza, "Kwenu wapi?" Nikasema Msumbiji, kaskazini, pwani. Ndugu yake mmoja akauliza kama huko kuna miji, au watu wanakaa tu. Kukaa tu, dada! Wote walicheka kidogo, kwa adabu, na kucheka kwa adabu ndiko kunakouma zaidi. Siku ile nilirudi Kairo nimesimama ndani ya basi njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Huku kila mtu ana nyumba ya babu wa babu yake. Mimi nimekuwa yule mtu mweusi mpole anayesoma. Nimechoka, dada. Ndipo nilipowaeleza habari za kwetu: msikiti wa mawe, kisima, makaburi ya wazee waliofanya biashara na Kilwa na Ngazija. Picha zilipofika, Mzee Shazli alizitazama akavaa miwani na kuzitazama tena. Akasema, "Hapa ni mahali penye historia." Chakula cha siku ile niliwekewa karibu naye.

Sasa naelewa barua iandikweje. Ninalo neno la kuwashinda wote pale ofisini. Naomba radhi yako kwa Abir, na nipe siku chache tu.

Rizuane


Mahame
15 Julai 2014

Mdogo wangu,

Radhi unayo, hilo halina mjadala. Mwambie Abir nitampokea kama mwanangu na nitamfundisha kukuna nazi, maana huko kwao sijui kama wanajua. Na huyo aliyecheka mwambie tunakaa tu, ndiyo, na tumekaa pale tangu babu zake hawajazaliwa.

Lakini mambo huku yameharibika. Watu wa kuandika wamerudi. Nimefunga, koo limekauka, nikawapikia wao chai. Wakakizunguka kibanda changu, wakakipiga picha, kisha wakasema hakihesabiwi. Kumbe kulikuwa na siku ya mwisho iliyowekwa, na kila kilichojengwa baada ya siku hiyo ni kama hakipo. Nikawaonyesha makaburi. Wakasema hayo ni ya zamani, hayana karatasi, na pameandikwa abandonado. Basi mimi ni mpya mno na Mama ni wa zamani mno, katikati hapana kitu! Nilitamani niwamwagie ile chai.

Kikao ni wiki ya kwanza ya Agosti. Rizuane, sikuombi mapambo. Andika kwamba pana wenyewe. Andika majina yao, sema tuko hai, tunaangua na tunazika. Neno ni hilo tu: pana wenyewe.

Ancha


Kairo
22 Julai 2014

Dada yangu,

Kazi imekwisha. Barua hii hapa, kurasa mbili, Kireno ambacho hata gavana angekionea wivu. Mwalimu Natália aipeleke kikaoni na kuisoma kwa sauti.

Nimewaeleza yote: biashara ya kale, ukuta wa mawe, nakshi za makaburi, sahani za maua. Nimeonyesha kwamba neno abandonado ni aibu kwa taifa. Na badala yake nimewapa neno lenye uzito, lile alilolisema Mzee Shazli: lugar histórico, mahali pa kihistoria. Hakuna tingatinga linaloweza kugusa mahali pa kihistoria. Rashidi yote imesimama hadi leo kwa neno hilo.

Ule msemo wako wa "pana wenyewe" nilijaribu kuuweka, lakini kwa Kireno ulisikika wa kitoto, ukapunguza heshima ya barua. Nimeuacha. Majina ya wazee pia nimeyaacha, yalikuwa marefu yakavunja mtiririko.

Nilipomtafsiria Mzee Shazli, alinipigia makofi. Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, nimelala usingizi mzuri. Idi njema, dada.

Rizuane


Rashidi
14 Septemba 2014

Dada Ancha,

Mbona kimya? Nimekupigia simu, haipatikani. Kurwa anasema tu kwamba barua ilisomwa na ofisi ilifurahi sana, kisha anaanza kuzungumza habari za bei ya saruji. Kama walifurahi, kwa nini huniambii?

Ndoa tumeifunga Ijumaa iliyopita, hapa kwao, katika msikiti ule wa nguzo nyingi. Nilikutafuta kwa macho ingawa najua huwezi kuwepo. Abir anakusalimu. Anataka tuje mwakani aone kwetu, na Mzee Shazli ameanza kuchonga mlango mdogo wa kukuletea kama zawadi. Anauliza kila siku kama barua imefaulu.

Niandikie hata mstari mmoja.

Rizuane


Mkwajuni
2 Novemba 2014

Rizuane,

Nimekaa muda mrefu bila kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilikutukana, na mtu aliyefunga ndoa juzi hatukanwi. Hongera. Mungu awape masikilizano kuliko tuliyopewa mimi na wewe.

Barua yako imefaulu. Ilisomwa mbele ya watu wote. Mwalimu Natália alisoma kwa sauti nzuri, na yule bwana wa ofisi akavua miwani, akasema, "Hii imeandikwa na msomi." Akachukua kalamu mbele ya macho yetu, akafuta abandonado, akaandika lile neno lako. Watu wakapiga makofi. Mimi, dada yako, nilipiga vigelegele. Nilivipiga mpaka sauti ikakauka, nikijua Mama amepona.

Wiki mbili baadaye walikuja na waya na nguzo za chuma, tena kwa heshima sana. Walinieleza kwamba mahali pa kihistoria ni pa taifa, si pa mtu. Hapajengwi, kwa hiyo wakanisaidia kuvunja kibanda changu na wakanibebea sufuria mpaka barabarani. Minazi haipandwi, maana kule juu mtu anaweza kuanguka akaharibu ukuta. Na hapazikwi tena mtu. Bibi Umi wa jirani alipofariki mwezi uliopita, aliyekuwa ameomba maisha yake yote alale kule kwa dada yake, tulimzika hapa kando ya barabara, na malori yanampita kichwani mchana kutwa.

Nilipokwenda ofisini kupinga, yule bwana alinionyesha barua yako. Akasema, "Mama, ni familia yako yenyewe iliyoomba hivi." Nikamwambia alete ile sehemu inayosema pana wenyewe. Akaitafuta ukurasa wa kwanza na wa pili. Alitafuta kwa moyo kabisa, sitamsingizia.

Kuingia wanaruhusu siku ya Alhamisi. Getini yuko Ussene, yule mtoto wa Sebastião tuliyemlea pamoja, siku hizi ana kofia na filimbi. Hakuweza kunitazama. Aliniambia, "Dada Ancha, uniwie radhi, andika jina," kisha akanivika shingoni kadi yenye kamba. Imeandikwa visitante. Mwalimu Natália amenieleza: ni mtu aliyekuja kutembelea. Wewe ulitembelea Rashidi ukala na kuoa. Mimi natembelea kwetu, na nikitaka kufagia kaburi naambiwa ufagio unakwangua historia.

Alhamisi hiyo walikuwemo wageni, wanaume kwa wanawake, na bwana mmoja anawaeleza kwa Kireno na mkono wake unaonyesha chini. Nikamwuliza Ussene anasema nini. Akasita, kisha akanitafsiria: haya ni makaburi ya wakazi wa kale ambao majina yao hayajulikani. Alisema hivyo amesimama kwenye lile la mwisho, upande wa bahari, lenye sahani ya maua.

Nilipaza sauti. Nikasema huyu anaitwa Nazira binti Mussagy, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mafuta ya moto, na nilimwosha mimi kwa maji ya kisima hicho mnachokipiga picha. Ussene hakuthubutu kuwatafsiria. Wale wageni wakanitabasamia, na mmoja akaomba apige picha nami.

Mke wako mlete, yeye hana kosa, na chumba chako kipo. Akitaka kumsalimu mama mkwe wake itabidi iwe Alhamisi, nanyi nyote wawili mtavikwa kadi.

Mama alifariki mwaka ule ulipokuwa unamaliza shule Pemba. Ulikuja, ukaingia kaburini kumpokea, udongo wa kwanza uliutia wewe kwa mikono yako. Hiyo ni miaka sita, Rizuane. Ukale huo uliomwandikia umeutoa wapi?

Ancha